Sentimita Thelathini na Nane

Kitambulisho walichonivisha shingoni kilikuwa kimeandikwa MGENI. Nikamuuliza dada wa mapokezi, mgeni wa nani? Akanijibu kwa adabu kwamba ni utaratibu tu: kuna watoa mada, kuna wajumbe, kuna wafadhili, na asiye na kundi anaitwa mgeni. Mimi nimepima mito kwa miaka thelathini na moja. Nimeingia majini na suruali ya mpira mpaka kifuani, nimenyonywa na ruba hadi nikazoea, na mara mbili nimekimbizwa na kiboko, mara ya pili nikiwa na mimba ya huyu huyu binti niliyekuja kumsikiliza. Leo kwenye mkutano wa maji naitwa mgeni. Lakini sikubishana, maana gauni nililovaa nilikuwa nimeliazima kwa dada yangu na sikutaka kulilowesha jasho mapema.

Mkutano ulihusu maendeleo ya utafiti wa haidrolojia, siku tatu, katika ukumbi mkubwa wa chuo. Kila kiti kiliwekewa kalamu na chupa ndogo ya maji. Wajumbe walifungua chupa, wakapiga funda moja, wakaisahau, na baada ya chai wakafungua nyingine. Siku ya kwanza nilisikiliza mada sita. Mmoja alipima unyevu wa udongo kwa setilaiti, mwingine aliifundisha kompyuta kutabiri mafuriko, na wa tatu alieleza kwa dakika ishirini mlinganyo ambao, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, hata yeye hakuwa ameuamini. Sikatai, mengine yalikuwa mazuri, na nikayaandika. Nilijiuliza tu ni wangapi kati yao wamewahi kulowa soksi.

Binti yangu alikuwa kwenye orodha ya siku ya pili, asubuhi. Ndiyo mada yake ya kwanza mbele za watu. Kwa miezi kadhaa kila nikimdodosa alikuwa anacheka tu na kusema, "Ni kuhusu mto wako, Mama. Subiri ujionee." Nami nikasubiri. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nilimwambia dada yangu, na wewe ulisema ataishia kuuza vipodozi.

Kazi yenyewe niliiona ikianza. Miaka miwili kabla ya hapo, nikiwa bado kazini, alikuja ofisini kwetu akaomba takwimu za kituo cha darajani, kituo changu cha siku nyingi. Nikampa leja, safi, mwandiko wangu mwenyewe. Akaikataa. Akasema leja ni nakala, yeye amefundishwa kwenda kwenye chanzo, anataka zile fomu za kila mwezi zinazotoka kwa msomaji mwenyewe mtoni. Nikampeleka stoo. Tulikaa huko siku mbili tukipangusa vumbi kwenye maboksi, tukila karanga, mimi nikijisemea moyoni kwamba huyu amelelewa. Akazibeba fomu zote akaenda nazo chuoni.

Fomu hizo zilijazwa na mtu mmoja tu. Jina lake la utani ni Saa Tatu. Ni mkulima wa vitunguu, shamba lake liko mwendo wa nusu saa juu ya daraja, na tangu ujana wake ofisi ilimpa kazi ya kusoma ubao wa kipimo: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku ya Mungu. Ubao ni kitu rahisi, umesimikwa mtoni kwenye nguzo ya chuma, una mistari na namba kama rula ya shule, na maji yanapogusa ndipo unaposoma. Saa Tatu alisoma siku ya harusi yake. Alisoma siku aliyomzika mama yake, akiwa bado na udongo kwenye viatu. Ukienda mtoni saa tatu na dakika tano ukamkuta bado yuko barazani, ujue dunia inaisha.

Basi, siku ya pili binti yangu akapanda jukwaani. Alikuwa amesuka vizuri na sauti haikutetemeka. Mstari wa mbele aliketi Profesa wake, na kando yake Mkurugenzi wa Bonde, yaani bosi wa mto mzima kuanzia chemchemi hadi unapoingia ziwani. Alianza na picha ya daraja, halafu picha ya Saa Tatu ameshika daftari, watu wakacheka kwa upendo. Akasema hizi ni takwimu za miaka ishirini na minne, zimesomwa na mtu mmoja, hakuruka siku ila wiki chache za mafuriko. Nilihisi machozi yananilenga.

Halafu akaonyesha grafu. Mstari wa kina cha mto wakati wa kiangazi ulikwenda sawasawa kwa miaka kumi na miwili, ukakatika kidogo pale palipokuwa na mafuriko makubwa, kisha ukaendelea chini zaidi, nao ukabaki huko huko chini miaka yote kumi na miwili iliyofuata. Akasema mto umepoteza wastani wa sentimita thelathini na nane. Akasema mwaka ule ule wa mafuriko ndipo wakulima wa juu walipojenga upya banio lao, pale wanapoyageuza maji yaingie mferejini, wakalijenga kwa saruji na kwa upana zaidi. Kwa hiyo maji yaliyopotea yamekwenda mashambani. Ukumbi ulikuwa kimya, kimya kile cha watu wanaoona kitu kinathibitishwa mbele ya macho yao.

Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza kwenye ile namba. Thelathini na nane. Naijua namba hiyo kuliko ninavyoijua tarehe ya ndoa yangu.

Mafuriko yale yalileta gogo likaung'oa ubao. Maji yalipotulia, baada ya wiki sita, mimi na Saa Tatu tuliingia mtoni tukasimika mwingine. Pale pa zamani palikuwa pamebomoka, na mahali papya nguzo ilifika kwenye mwamba ikagoma kushuka zaidi. Nikapima kwa darubini ya usawa, ile ya wapima ardhi, kutoka kwenye alama iliyokuwa kwenye mguu wa daraja: sifuri ya ubao mpya ilikuwa juu ya sifuri ya ule wa zamani kwa sentimita thelathini na nane. Maana yake ni nyepesi hata kwa mtoto. Maji ni yale yale, ila ubao mpya utasoma pungufu kwa kiasi hicho, na kila namba lazima iongezewe.

Nikamwambia Saa Tatu, wewe soma unachokiona, hesabu niachie mimi. Na kweli nilizibeba. Kila mwezi fomu yake ilipofika, nilinakili kwenye leja huku nikiongeza thelathini na nane kichwani, mstari baada ya mstari, bila kalkuleta, nikijisifu. Ilitakiwa nijaze fomu ya kubadilisha ubao, nakala tatu, ipigwe mhuri. Mwezi ule ndio mume wangu alipolazwa, na hakutoka. Niliporudi kazini fomu ile ilikuwa imenitoka kichwani. Kila mwaka uliofuata niliandika kwenye ripoti, hali ya kituo ni nzuri, hakuna badiliko, kwa sababu mwaka huo kweli hapakuwa na badiliko. Sina kisingizio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa nikiwaambia vijana wa ofisini msemo huo huo kila siku.

Binti yangu hakuichukua leja. Alikwenda kwenye chanzo, nami siku zile mbili stoo, kwa kujisifu kwamba amelelewa, sikukumbuka kumwambia kwamba fomu zile hazina nyongeza yangu.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kikao akaruhusu maswali mawili, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Kijana wa kipaza sauti aliniona. Alianza hata kuja upande wangu. Ndipo nikamtazama binti yangu pale juu, anacheka na meno yote, ameniona nimenyoosha mkono na anadhani nataka kujitapa kwamba mimi ni mama yake. Mkono ukashuka. Kipaza sauti kikaenda kwa mzee mmoja wa mbele aliyeuliza kuhusu uvukizi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe, na jibu silipendi.

Kabla sijapumua, Mkurugenzi akasimama. Alimshukuru mtafiti kijana, akasema ofisi yake ilishapewa matokeo haya mwezi uliopita na haikukaa nayo mezani. Amri imesainiwa. Kuanzia Jumatatu banio la juu litafungwa kwa kiangazi chote, miezi mitatu, ili mto upate kupumua. Akatania kwamba kwa mara ya kwanza sayansi imeishinda foleni ya mafaili. Ukumbi ukacheka, na makofi yakawa makubwa kuliko ya kwanza.

Kaya mia nne zinategemea mfereji ule. Vitunguu vilikuwa na majani manne, umri ambao ukivikosesha maji wiki mbili unaweza kuvisahau.

Nilimkuta kwenye korido wakati wa chai, amezungukwa na watu wanaompa kadi zao. Nikamshika mkono nikamvuta hadi chumba cha kunawia cha wanawake. Alinikumbatia. Akauliza, "Umeonaje, Mama?"

Nikamwambia, "Mwanangu, ule si mto uliopungua. Ni ubao. Niliusimika juu."

Alinielewa kabla sijamaliza. Huo ndio ubaya wa kuzaa mtoto mwenye akili. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, nikamwona anapitia grafu yake upya kichwani, mwaka hadi mwaka. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza leja iko wapi. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana ofisi ilipohamia jengo jipya leja zote zilichomwa uani pamoja na mapazia ya zamani, kwa kuwa walisema kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta. Na kilichoko kwenye kompyuta ni fomu za Saa Tatu, alizozichapa binti yangu mwenyewe. Akauliza alama ya kwenye daraja. Nikamwambia daraja lile lilivunjwa likajengwa jipya, alama ikaenda na mguu wake. Akauliza daftari langu la darubini. Nilikuwa nimelibandika ndani ya leja.

"Kwa hiyo ushahidi ni nini?" akauliza.

"Ni mimi."

Alifungua bomba akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu ni huyu mmoja tu.

Tulimfuata Profesa. Kwa haki yake, alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka hata kikombe chini. Ni mtu mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Aliuliza maswali yale yale ya binti yangu kwa mpangilio ule ule, akapata majibu yale yale. Akasema inawezekana kabisa ninalosema ni kweli. Inawezekana pia mto ulipungua kweli na kumbukumbu yangu imeichukua namba kutoka kwenye grafu niliyoiona asubuhi, kwa sababu ubongo wa binadamu ndivyo ulivyo. Nilimwambia ubongo wangu ulikuwa unaongeza thelathini na nane kabla yeye hajaota mvi. Alitabasamu.

"Mama, mimi nakuamini," akasema. "Lakini siwezi kuandika kwenye makala kwamba mama wa mtafiti amekumbuka."

Akaeleza njia iliyopo. Makala za mkutano zilikwisha kuchapwa. Kosa lolote hurekebishwa kwenye mkutano unaofuata, baada ya miaka miwili. Kama tunataka kuthibitisha, binti yangu apime mto upya kiangazi kimoja kizima, banio likiwa limefunguliwa, alinganishe na vipimo vya mtiririko ambavyo chuo kilivichukua kabla ya mafuriko. Binti yangu akamwambia banio litafungwa Jumatatu. Profesa akakiri kwamba hilo linaleta ugumu. Akamshauri asilikuze jambo hili kabla ya kupata data, kwa faida yake mwenyewe.

Mkurugenzi tulimsubiri nje ya chumba cha wageni wa heshima, mlango ukifunguka na kufungwa, harufu ya kahawa ikitujia. Alinikumbuka. Aliniita mama yetu, akauliza afya, akauliza kama mafao yangu yalikwisha kutoka. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliposikia kwamba ushahidi mwingine ni Saa Tatu, kwamba tuliusimika ubao pamoja, akatikisa kichwa: huyo ni mkulima wa mfereji huo huo, atasema nini kingine? Nikamwambia basi aandike kwamba kosa ni langu, aweke jina langu, anichukulie hatua. Akasema anatamani iwe rahisi hivyo. Takwimu za kituo hurekebishwa kwa fomu maalumu, na fomu ile husainiwa na fundi wa kituo aliye kazini. Mimi nimestaafu.

"Basi fundi aliyepo asaini," binti yangu akasema.

"Nafasi haijajazwa bado," akajibu, na nadhani hata yeye alijisikia vibaya, maana alitazama saa.

Mchana wa siku ya tatu walitangaza tuzo ya mtafiti bora kijana, nasi sote wawili tulijua ni ya nani kabla jina halijasomwa. Alininong'oneza kwamba atasema. Nikamwambia aseme. Sijui nilikuwa natarajia nini. Nadhani nilitarajia ukumbi utazizima, mtu atasimama, Mkurugenzi atatoa simu mfukoni. Watu wazima nao huota.

Alipanda, akapokea kile kipande cha kioo, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Naomba mnisikilize," akasema. "Matokeo yangu yana kosa. Mto haukupungua kama nilivyosema. Ubao ulihamishwa, na namba zote za miaka kumi na miwili ya mwisho zinatakiwa kuongezwa. Naomba banio lisifungwe."

Kisha Profesa, aliyekuwa bado jukwaani kumkabidhi tuzo, akakisogelea kipaza sauti kwa uso wa baba. Akasema waheshimiwa, huu ndio unyenyekevu tunaowafundisha vijana wetu. Mtafiti wa kweli huitilia shaka hata kazi yake mwenyewe, na huyu ameanza mapema. Sidhani kama alikuwa mwongo. Nadhani alitaka kumwokoa. Ukumbi mzima ukasimama. Walipiga makofi kwa dhati, wengine mikono juu ya vichwa. Binti yangu alikuwa bado anaongea, namwona midomo inacheza, lakini kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwa mshereheshaji.

Nami nikasimama. Nilisema kwa sauti yangu yote kwamba ni kweli, mimi ndiye niliyeusimika ubao ule, kosa ni langu. Nina sauti, nimezoea kuitana na watu ng'ambo ya mto. Lakini makofi ya watu mia tatu ni kitu kingine. Mama mmoja wa kando yangu alinigeukia macho yakimng'aa, akasoma kitambulisho changu, akanishika mkono.

"Ni binti yako?" akaniuliza karibu na sikio. "Hongera sana, mama."

Nilikaa chini.

Mkurugenzi hakuonekana tena. Walisema aliondoka kabla ya chakula. Binti yangu alimwandikia barua pepe usiku huo huo, akaandikia na ofisi yake, na chuo, na kamati ya mkutano. Ilirudi moja tu, ya mashine, ikimshukuru kwa mawasiliano yake.

Jumatatu alfajiri nilikwenda mwenyewe. Binti yangu alitaka kuja, nikamkatalia. Nilimwambia abaki aendelee kuandika barua, ingawa nilichoogopa ni kumwona anatazama shamba. Nilipofika banioni magari mawili ya ofisi yalikuwa yameshafika. Lango la chuma lilikuwa chini, mnyororo umezungushwa, kufuli mpya. Vijana wa ofisi walikuwa wanabandika karatasi kwenye nguzo kwa gundi. Mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe kushika darubini. Aliniamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, kisha akarudi kwenye karatasi yake. Wakulima kama thelathini walikuwa wamesimama kwenye kingo za mfereji, wanawake kwa wanaume, majembe begani. Maji yaliyobaki mferejini yalikuwa yanatiririka kwenda zake, na nyuma yake tope likaonekana.

Sikumwona Saa Tatu pale. Nikatazama saa yangu, nikajua yuko wapi, nikashuka hadi darajani.

Alikuwa amesimama kwenye mawe chini ya daraja jipya, suruali ameikunja magotini, daftari mkononi, anausubiri mto utulie mbele ya ubao kama anavyofanya siku zote. Aliponiona alishangaa kidogo, akanisalimia, akaniuliza habari za mtoto. Nikasema mzima. Akasema amesikia redioni kwamba amepewa zawadi, akasema hongera, dada Fundi, umelea. Hakukuwa na kejeli hata chembe. Ningempa chochote aniseme vibaya.

Kisha akasema wale vijana wa magari, walipopita jana kutangaza amri, walimweleza kwamba mto umepungua, na kwamba wameona kwenye fomu zake. Amekaa usiku kucha anapekua madaftari ya zamani, hajaona kosa.

"Nilikosea wapi kusoma, dada?"

Nikamwambia hakukosea. Nikamweleza yote, ubao, mwamba, leja, namba niliyoitunza kichwani kama mjinga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole kikiwa ndani ya daftari asipoteze ukurasa. Nilipomaliza hakunitukana. Alifikiri, halafu uso wake ukaanza kufunguka, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana nilijua anachokwenda kusema.

"Basi waambie. Wewe ni wa ofisi, wewe watakusikia."

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Na mtoto amewaambia, mbele za watu. Walimpigia makofi."

Hakuelewa. Aligeuza uso akatazama upande wa juu, kule mashambani, ingawa kutoka chini ya daraja huoni kitu. Alikuwa ameweka vitunguu ekari nzima mwaka huu, yeye na wanawe wawili. Mto ulikuwa unapita mbele yetu, mwingi, na ukitazama vizuri ulikuwa umeanza kupanda, kwa sababu maji ya mferejini sasa yalikuwa yanarudi huku. Baada ya mwezi fomu itafika ofisini ikionyesha mto umepanda, na watasema dawa imefanya kazi.

Saa tatu ikafika. Aliinama akasoma ubao, akanitajia namba kama tulivyokuwa tukifanya zamani, mita moja na sentimita nne. Kalamu ikasimama juu ya daftari.

"Niongeze ile yako?" akauliza.

Nilifikiri. Ofisini sasa yuko kijana anayechapa kinachoandikwa. Akiona namba imeruka ghafla siku banio lilipofungwa, na msomaji ni mkulima, watasema ameghushi, na kazi ya kusoma nayo wamnyang'anye.

"Andika unachokiona," nikamwambia.

Akaandika, kwa mwandiko wake ule ule mzuri, mita moja na nne, akaweka saa na tarehe.